Jamaa analala kaburini kila usiku, hayo ni mapenzi kweli?

msomaji_mpya: Wadau habari zenu. Jana nimemaliza Annabel Lee, shairi la yule Mmarekani Edgar Allan Poe, na tangu hapo sijatulia. Mwanzo tamu kweli, wawili wamependana utotoni huko kwenye ufalme kando ya bahari mpaka malaika wakaona kijicho, upepo ukaja usiku binti akafa, sawa nimelia kidogo. Ila mwishoni jamaa anasema usiku kucha analala ubavuni kwa marehemu, humohumo kaburini!! Sasa hayo ni mapenzi au keshachanganyikiwa? Na hawa washairi wa Kiromantiki (wale wa hisia kali wa miaka ya 1800 hivi) mbona wanapenda hivi maiti jamani

bahari_kuu: Kachanganyikiwa ndio, ila mhurumie. Mkewe Poe, Virginia, alikufa na TB 1847, ana miaka 24 tu, na kabla ya hapo aliugua kama miaka 5 hivi, leo nafuu kesho damu, yaani jamaa alianza kuomboleza mke akiwa bado hai. Shairi lenyewe lilitoka gazetini Oktoba 1849, siku mbili baada ya Poe nae kufa.

sina_haraka: Msiba naelewa, ila mbona binti haongei hata neno? Rudia ubeti wa kwanza, eti hana wazo lingine ila kumpenda MIMI na kupendwa na MIMI. Marehemu hazeeki, hakuchoki, hakukatalii, ndo maana mtu wa kung'ang'ania anamtaka huyo. Soma Isabella, shairi la Mwingereza Keats, la 1820, pale anayelia ni mwanamke. Kaka zake wamemuua mpenzi wake Lorenzo, anamfukua, anakata kichwa anakifukia kwenye chungu cha mrihani anamwagilia machozi na mrihani unastawi balaa. Kaka wakaiba chungu, akafa anakidai chungu. Yaani Lorenzo hata hatajwi tena sana, ni chungu chungu chungu.

daftari: Msimsahau Novalis, mshairi Mjerumani. Mchumba wake Sophie alikufa Machi 1797 ana miaka 15, akawa anaandika shajara anahesabu siku tangu kifo na anataka amfuate. Desemba 1798 akachumbia mwingine 😂 na yale mashairi yake Tenzi kwa Usiku ya kumlilia Sophie yakachapwa 1800, mchumba mpya yupo.

msomaji_mpya: Duh, kumbe anayebaki kaburini ni yule wa kwenye shairi, mwandishi keshanyanyuka zamani. Haya naanza hiyo Isabella, ila mchana.

bahari_kuu: Novalis kanyanyuka. Poe sidhani.