Mjadala: Filamu za giza na usiku, ipi ya kumpendekezea mtu?

Mlinzi wa Zamu:
Ndugu zangu, nalinda ghala usiku, huu ni mwaka wa tisa, na filamu za kutisha nazipenda kuliko zote. Ila nyingi hazilijui giza. Zinalifanya pazia tu: likivutwa, jitu linaruka, muziki unapiga yowe, basi, hofu imekwisha. Aliyezoea kukaa gizani anajua hofu iko kwenye bati linalolia juu ya paa saa nane usiku na upepo hakuna.

Hoja yangu ni kwamba filamu bora ya giza ni ile inayokificha kitu chake. Naanza na Wait Until Dark ya 1967. Mwanamke kipofu yuko peke yake nyumbani, wahalifu wanamjia, naye anavunja balbu moja baada ya nyingine ili nao wasione. Taa moja tu ameisahau, ya ndani ya friji. Ya pili ni The Blair Witch Project ya 1999, vijana wamepotea msituni, na mchawi mwenyewe humwoni hata filamu ikiisha.

Leteni zenu. Na jambo jingine: sisi wenye Popobawa, lile zimwi lenye mabawa ya popo linalosemekana kuwavamia watu usiku wamelala majumbani, mbona sijaona filamu yake hata moja ya maana? Wenzetu wa Pemba hadithi hizo wanazo tele, wanazitunga kila mwaka wa uchaguzi.

Fundi wa Banda:
Kaka mlinzi, nina banda la video Mbagala. Mteja akitoa hela yake halafu asimwone huyo mchawi, anataka arudishiwe. Hiyo ya msituni nilishaiweka, watu waliguna, wengine wakatoka kabla haijafika nusu. Weka Pitch Black ya mwaka 2000. Sayari ina majua matatu, usiku haupo, halafu jua linapatwa na viumbe vinatoka chini ya ardhi. Mwanga unaviunguza, kwa hiyo kila taa ni roho ya mtu. Hapo banda zima kimya. Au 30 Days of Night, mji wa Barrow kule Alaska, jua linazama siku thelathini na wanyonya damu wanaingia mjini. Watu wanaelewa papo hapo. Nani huku kwetu hajui umeme kukatika?

Msomaji wa Ramani:
Barrow, siku hizi unaitwa Utqiagvik, siyo siku thelathini. Jua hupotea siku kama 65, kuanzia kama tarehe 18 Novemba mpaka kama tarehe 23 Januari. Na si giza totoro muda wote, mchana kunakuwa na mwanga hafifu kama wa alfajiri. Mimi filamu ikikosea jambo la wazi kama hilo, hofu inanitoka.

Fundi wa Banda:
Wanyonya damu umewakubali, siku ndizo zimekukwaza? Bwana, wateja wangu hawaji na kalenda.

Msomaji wa Ramani:
Siku 65 zinatisha kuliko 30. Ndiyo maana nimesema. Hata ingekuwa ni kwa kutisha tu, ukweli ungewafaa zaidi.

Bint Wete:
Ndugu Mlinzi, maneno yako yote yamenipendeza mpaka pale uliposema tunazitunga. Nani katunga? Mie mwaka 1995 nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulilala nje sote, ua mzima, mikeka imepangwa mmoja ubavuni mwa mwengine, moto umekokwa, wanaume wanakesha kwa zamu. Bibi yangu, mtu mzima na mgongo wake mbovu, alilala chini kama watoto. Mama alifunga ncha ya kanga mkononi mwangu, ncha ya pili mkononi mwake, ili nikivutwa aamke. Mtu hatungi kitu akatetemeka vile. Kama huamini, sema huamini. Usitwambie tunatunga.

Mlinzi wa Zamu:
Dada yangu, nisamehe. Nilikusudia kuwasifu kwa usimulizi. Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, hilo si mimi niliyelizua, watu wengi wamelisema.

Bint Wete:
Wengi wamelisema, na wewe umelirudia bila kumuuliza hata mmoja aliyelala nje.

Mhitimu:
Tusigombane, jambo hili lina maelezo. Ni jinamizi. Ubongo umeamka, mwili bado umelala, mtu hawezi kujinyanyua wala kupiga kelele, na anahisi amekaliwa kifuani. Linatokea duniani kote. Wapemba walichofanya ni kulipa mabawa ya popo.

Bint Wete:
Jinamizi neno letu, hukutuletea wewe. Aliyekabwa na jinamizi anaamka, anasoma dua, analala. Nieleze jinamizi linavyotoa vijiji vizima nje ya nyumba zao, kisha likavuka bahari mpaka Unguja.

Mhitimu:
Linavuka kwa midomo. Si inasemekana Popobawa humwamuru aliyemwingilia akatangaze, na asipotangaza atarudi? Hofu yenye amri ya kujitangaza lazima isambae.

Bint Wete:
Hapo umesema kweli, sikubishii. Lakini sema hivyo bila "Wapemba walichofanya".

Mzee wa Kisauni:
Wanangu, hofu za usiku hazina Upemba. Sisi Mombasa tuliambiwa magharibi ikiingia usitembee peke yako, mumiani atakunyonya damu aende kuiuza. Nairobi ya wakoloni watu waliwakimbia wazima moto, wakisema ndio wanaokamata watu usiku. Filamu yangu mimi ni ile ya wafu wanaofufuka, picha nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1970. Kijana mweusi amejifungia na Wazungu kwenye nyumba ya shambani, anapigilia mbao madirishani usiku kucha.

Msomaji wa Ramani:
Mzee wangu, shikamoo. Ni ya 1968, Night of the Living Dead ya George Romero, na mchezaji ni Duane Jones. Usiku ule wote anaokoka, asubuhi anapigwa risasi na kundi lililokuja kuwasaka hao wafu.

Mzee wa Kisauni:
Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo. Unaona basi, giza lilimwacha. Waliomuua walikuja na jua, tena wana uhakika wanaua zimwi.

Mama Wawili:
Samahani nawaingilia. Huyo ndugu mwenye banda, watoto wanaingia kwako? Mwanangu wa miaka sita alichungulia banda la mtaani kwetu, sasa hataki kwenda chooni usiku mpaka nimshike mkono, wiki ya tatu hii.

Fundi wa Banda:
Mama, kwangu za kutisha zinaanza saa tatu usiku na mlangoni nakaa mwenyewe. Nimefukuza watoto mpaka mama zao wakaja kunitukana kwamba nawabagua. Usinitwike banda la mtu mwingine.

Mama Wawili:
Sikukutwika, nimeuliza.

Kamera Moja:
Turudi kwenye filamu ya Popobawa. Mimi nataka kuitengeneza, tena kwa dhati, na tusisingizie fedha. Mswidi David Sandberg alipiga filamu fupi ya Lights Out mwaka 2013 nyumbani, yeye na mkewe na swichi ya taa. Haifiki dakika tatu. Taa ikizimwa kuna mtu amesimama kwenye korido, ikiwashwa hayupo. Baada ya miaka mitatu akapewa aifanye ndefu. Na Nosferatu ya 1922, usiku wake mwingi ulipigwa mchana, utepe ukatiwa rangi ya buluu. Kamera ninayo. Ninachokosa ni mtu wa kunisimulia.

Mlinzi wa Zamu:
Ukimtengeneza, usimwonyeshe. Nakuomba.

Fundi wa Banda:
Ukimficha usiniletee.

Bint Wete:
Kabla hamjagawana kazi, nina la kumuuliza mwenye kamera. Mwaka ule ule wa 1995, mjini Unguja, kundi la watu lilimuua mtu mgonjwa wa akili kwa kumdhania ndiye Popobawa. Yule hakuwa jinamizi wala siasa. Alikuwa mtu, kakutwa na watu wenye hofu. Filamu yako itakuwa na mabawa au itakuwa na huyo?

Kamera Moja:
Dada, hilo sikuwa nalo kichwani. Nilifikiria mabawa.

Mhitimu:
Kwa hilo nami nakubaliana na wewe, dada. Na lile la mabawa nimelifuta moyoni.

Fundi wa Banda:
Nataka kusema jambo. Hapa bandani wamekaa vijana wanne wanasubiri jenereta, nimewasomea ile ya kanga iliyofungwa mikono miwili. Hakuna aliyeniuliza Popobawa anafananaje. Wote wameuliza swali moja: ile kanga ilivutwa?

Bint Wete:
Ilivutwa, usiku mmoja. Alikuwa mama, anajigeuza usingizini. Nilipiga ukelele ua mzima ukainuka, wanaume wakashika mapanga. Jirani yetu alikuwa anarudi kutoka chooni, hana taa, na wakamkimbiza yeye mpaka njia kuu huku anaita jina lake na la baba yake. Mtu wa tatu kumfikia ndiye aliyeijua sauti yake, akawazuia.