Waliowahi kushuka Ngosi au kupita nyuma ya maji ya Kaporogwe, tupeane uzoefu

Mkazi wa Uyole
Wakuu salaam. Leo kwenye Noah ya Tukuyu nimekaa na vijana wa chuo, wamevaa raba nyeupe pee, wanasema wanakwenda Ziwa Ngosi, lile lililo ndani ya kreta (shimo la volkano) huku Rungwe, Mbeya. Mvua inanyesha tangu Igawilo. Wameshuka wanacheka, mimi nikabaki nawaombea kimoyomoyo. Waliokwisha kupita huko leteni visa vyenu. Si Ngosi tu: maporomoko ya Kaporogwe, Kijungu, ziwa la Masoko, vijito vya humo msituni, popote palipokutoa jasho.

Binti Kyimo
Raba nyeupe Ngosi?? Nimecheka hadi mtoto ameamka.

Ndizi Mzuzu
Ngosi inakudanganya mwanzoni. Unapita mashamba ya viazi na pareto, unapiga stori, unajiona mzima wa afya. Halafu msitu unaanza, migomba pori na mianzi, giza mchana, na njia yenyewe ni mfereji wa tope ambao kila aliyepita ameuzidisha utelezi. Unashika mzizi, mzizi unakuja nao. Sisi tulipanda kikundi cha kanisa, na mama mmoja mtu mzima ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika juu, viatu kashika mkononi. Vijana wa kwaya walikuwa nyuma huko wanahema.

Sasa uchungu wenyewe: tumefika ukingoni, ukungu mtupu. Mwongozaji ananyoosha kidole anasema "ziwa lipo hapo chini". Tukakaa, tukala mihogo yetu, tukaimba. Ukungu haukusogea hata shubiri. Tukapiga picha na ukungu tukarudi. Hadi leo nyumbani wananiuliza hiyo Ngosi niliiona wapi.

Mporoto Halisi
@Ndizi Mzuzu mlikwenda saa ngapi? Ngosi ni ya alfajiri. Saa nne ukungu ukishapanda umekwisha.

Kakobe wa Iyunga
@Mporoto Halisi hapana mkuu. Mimi nimeiona saa nane mchana, bluu na kijani, safi kabisa, na asubuhi yake kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Ngosi haina ratiba.

Mporoto Halisi
Mimi nimezaliwa pale.

Kakobe wa Iyunga
Na mimi nimeliona ziwa pale.

Tope Jekundu
Hahaha nakaa kwenye kona hii.

Msafiri Pekee
Wanasema Ngosi ni ya pili Afrika kwa ukubwa kwa maziwa ya kreta, tujivunie.

Gonga Mwamba
Ya pili baada ya ipi?

Msafiri Pekee
Kasome.

Gonga Mwamba
Nimeuliza kistaarabu. Kila bango linasema ya pili, hakuna bango linaloitaja ya kwanza. Liwe la pili, liwe la tano, lina zaidi ya kilomita mbili kutoka kona hadi kona, kuta zake ni wima na hakuna mto unaoonekana kutoka. Hiyo inanitosha, sihitaji mashindano.

Mama Wawili
Nilikuwa nasoma tu, lakini hapo juu mmetaja Kaporogwe, moyo umeruka. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Mimi nimeolewa Unyakyusani, kwetu Lushoto, kwa hiyo milima siiogopi. Krismasi moja tulikuwa kwa wakwe, baba mkwe akasema vijana wampeleke mgeni akaone maporomoko. Tukaenda mimi, mawifi wawili, na shemeji yangu wa mwisho, ambaye ndiye aliyejifanya mwenyeji kuliko wote. Wanaopajua wanajua: unateremka, na ukifika chini rasharasha inakupiga usoni kabla hujayaona maji yenyewe vizuri. Kisha kuna kijinjia cha kupitia pembeni hadi pangoni, nyuma ya maji. Mle ndani mwamba uko juu ya kichwa na unaiona migomba ya ng'ambo kupitia kwenye maji yanayoanguka.

Jua lilikuwa linawaka. Nasisitiza, jua kali, hakuna wingu. Shemeji amevua viatu kaviweka juu ya jiwe pale mlangoni mwa pango, viatu vipya vya sikukuu. Mawifi wanapiga picha. Mimi macho yalikuwa kwenye vile viatu, nawaza vitaloa. Mara naona maji yanaviramba soli. Nikaangalia kwingine, nikarudisha macho, kiatu kimoja hakipo.

Hapo ndipo nikasikia kwamba na sauti imebadilika. Kabla ya hapo ukipaza sauti mwenzio anakusikia. Sasa wifi anafungua mdomo mbele yangu, sisikii kitu. Maji yaliyokuwa meupe yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yanashusha majani, vijiti, na gogo zima la mgomba likapita mbele yetu na kwenda na kiatu cha pili. Kijinjia tulichoingilia hakionekani.

Shemeji akataka kuvuka, eti anaijua njia hata akifumba macho. Wifi mkubwa, mwalimu wa msingi, mtu asiye na maneno, akamkamata ukosi wa shati na kumkalisha chini. Tukapanda nyuma kabisa ya pango, tukabanana. Baridi, meno yanagongana. Wifi mdogo akaanzisha pambio la Kimoravian. Mimi Mwislamu wa Lushoto nikaitikia, tena sauti ya pili.

Tulikaa hadi jua likaanza kuinama. Maji yakashuka taratibu, mwamba ukatokeza, umepakwa matope yanayoteleza. Kumbe kulikuwa na mzee anachunga ng'ombe upande wa pili, ametuona muda mrefu. Akaja na kamba ya ng'ombe, akaifunga kwenye mti, tukavuka mmoja mmoja. Hakugombeza mtu. Alimtazama tu shemeji, peku, akamuuliza: wewe mtoto wa nani? Shemeji akamtaja baba mkwe. Mzee akasema: "Na yeye nilimvuta hapahapa."

Binti Kyimo
Uwiii. Pambio nimelisikia hadi huku.

Tope Jekundu
Mwalimu apewe maua yake.

Gonga Mwamba
Nilikuwa nakuamini vizuri, lakini hapo kwa mzee kumvuta na baba mkwe, chai yako umeitia sukari nyingi.

Mama Wawili
@Gonga Mwamba njoo Krismasi nikupeleke kwa baba mkwe. Yeye anakana, mama mkwe anacheka. Utachagua wa kumwamini.

Kakobe wa Iyunga
Mimi ninachouliza, jua kali halafu mto ujae? Ulitoka wapi?

Fundi Bomba Tukuyu
@Kakobe mkuu, wewe unaishi Mbeya mjini ndiyo maana. Huku jua la chini halikwambii kitu. Mlima Rungwe una karibu mita 2,960, mawingu yanayotoka Ziwa Nyasa yanagonga kule juu na kumwaga. Tukuyu tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, vijito vyote hivi vinashuka kwa kasi kwenye mabonde membamba. Juu ikinyesha saa nane, wewe chini unaota jua, maji yanakujia baadaye bila hodi. Kazi yangu ni mabomba ya maji ya kijiji, na dalili ninazozitazama kila siku ni hizi: maji yakibadilika rangi hata kidogo, toka. Yakianza kuleta majani mabichi, toka, kwa sababu majani makavu ni ya kawaida lakini mabichi yamekatwa na maji huko juu sasa hivi. Na ukisikia harufu ya udongo kabla ya kuona chochote, usisubiri kuona.

Mkazi wa Uyole
Hii ya majani mabichi sikuwa naijua. Ndaga fijo.

Msafiri Pekee
Mimi yangu ni Kijungu, kule karibu na Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba la asili, njia ya chuo cha Magereza Kiwira. Mto mzima unaingia kwenye mwamba, unazunguka kwenye chungu, unatokea chini. Rafiki yangu alirusha kofia aone itatokea wapi. Tulisubiri. Haikutokea. Siku hiyo hamu ya kusogea ukingoni ilikwisha yenyewe.

Mtumishi wa Shamba
Daraja lile ni Mungu mwenyewe aliliweka, ndiyo maana halibomoki.

Gonga Mwamba
Ni ujiuji wa volkano. Ulishuka mtoni, juu ukapoa ukaganda, maji yakaendelea kupita chini.

Mtumishi wa Shamba
Na volkano aliiweka nani?

Gonga Mwamba
Sawa mtumishi, tumalize hapo.

Babu Heleri
Mnaongelea maporomoko mmeacha hela. Pale Masoko Wajerumani walikuwa na boma, na wazee wanasema vita vya kwanza vilipowabana walitosa ziwani masanduku ya fedha na silaha. Mjomba wangu alikuwa na heleri mbili, sarafu za Wajerumani, walizookota watoto kando ya maji. Kila nikipita pale natembea nimeinama.

Kakobe wa Iyunga
Wengine wanasema walitosa Ngosi.

Babu Heleri
Ngosi? Umewahi kubeba sanduku la fedha ukapanda lile tope? Wajerumani walikuwa na haraka.

Dada wa Isongole
Kwetu Ngosi tunaambiwa kuna nyoka mkubwa anayegeuza rangi ya maji. Nilikuwa sijali. Siku tuliyoshuka ndani hadi kwenye maji, na kushuka kule ni kwa kushikilia mizizi, uso umeelekea ukutani, tumefika, nanawa mikono, ukanguruma mngurumo kule juu ya miti, unazunguka kreta nzima. Nilipanda ule ukuta sijui hata nilipandaje. Kamera ya shangazi imebaki kule.

Fundi Bomba Tukuyu
Mbega huyo dada. Dume likiunguruma na mwangwi wa kuta zile hata mimi nakimbia.

Binti Kyimo
Isije ikawa yule kima kipunji?

Fundi Bomba Tukuyu
Kipunji hangurumi, anatoa mlio wa kubweka, wa ajabuajabu. Na huyo ni wa Mlima Rungwe na kule Kitulo. Wataalamu walimtambua mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa kwetu walikuwa wanamjua tangu zamani. Ukimwona piga picha, usimrushie ndizi.

Dada wa Isongole
Sawa mbega. Kamera nani ataifuata?

Mporoto Halisi
Kingine, msiingie kwenye vishimo na mabonde madogo yenye mijusi na ndege waliokufa. Ardhi ya Rungwe inatoa hewa ya kaboni, hadi kuna wanaoivuna na kuiuza viwandani. Ni nzito, inakaa chini, haina harufu. Mbwa wa jirani aliingia akalala hapohapo. Ukiinama kufunga kamba za kiatu mahali kama pale, umekwisha.

Tope Jekundu
Basi viatu visivyo na kamba. Gambuti!

Ndizi Mzuzu
Gambuti zikiingia maji unabeba mito miwili. Vaa raba kuukuu yenye meno.

Mama Wawili
Shemeji yangu sasa anavaa kandambili kila tukienda. Anasema hazina hasara.

Mtumishi wa Shamba
Sala kwanza.

Kakobe wa Iyunga
Mwezi gani ni mzuri jamani? Nataka kuleta familia kutoka Dodoma.

Mporoto Halisi
Septemba hadi katikati ya Oktoba, njia imekauka.

Binti Kyimo
Lakini maporomoko hayo yatakuwa membamba. Njoo Mei.

Ndizi Mzuzu
Mei?! Unataka aachwe na mke?

Kakobe wa Iyunga
Mke ndiye anayetaka kushuka hadi kwenye maji. Mimi nitabaki juu na mihogo.

Dada wa Isongole
Mwambie atazame kulia, kwenye mzizi mkubwa uliopinda. Kamera ni nyeusi, ina kamba nyekundu.