Mzee wa kanisa anamwaga milioni kwenye harambee, fundi wake anamdai laki nane!

Wakuu, leo niacheni niseme, nimekereka.

Juzi usharikani kwetu tulikuwa na harambee ya kuezeka kanisa. Mzee wa kanisa mmoja akainuka, akarekebisha koti, akatoa milioni mbili taslimu. MC akaomba makofi ya kilo, akina mama vigelegele, mchungaji akamwita mbele na mkewe wakaombewa baraka. Mimi nimekaa benchi la nyuma na fundi aliyempigia lipu nyumba yake nzima, ndani na nje, anamdai laki nane tangu mwaka jana. Akimpigia simu anaambiwa "Mungu ni mwema fundi, vuta subira." Siku hizi hata hapokei. Jamaa hakupiga makofi, macho yote kwenye zile noti zinavyohesabiwa.

Na msiniambie mchungaji hajui. Fundi alimfuata ofisini, akajibiwa amsamehe ndugu yake katika Kristo, waumini hawapelekani mahakamani. Yaani mtu akidai jasho lake ndiye mwenye roho mbaya!

Biblia hiyo hiyo, Kumbukumbu la Torati 24, inasema kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijazama. Mathayo 5, Yesu anasema kama ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, nenda ukapatane naye kwanza. Zakayo naye hakuahidi mabati, alisema aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Sisi kila tukihubiriwa Zakayo tunaishia kwenye mkuyu.

Mtasema kanisa haliwezi kukataa sadaka. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza pesa alizotoa Rais Ruto kwenye kanisa katoliki la Soweto zirudishwe. Rais wa nchi! Sisi tumeshindwa kumwambia mzee wa kanisa "hizi kampe fundi kwanza"?

Wale wa "usihukumu usije ukahukumiwa" piteni kimya, deni halifutwi na mstari.

Wanasheria wa humu, fundi hana mkataba wa maandishi, ana meseji za kuahidiwa tu na shahidi ni kibarua aliyemchanganyia mchanga. Aanzie kwa mtendaji wa kata au aende moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo?