Ukishakubali bei ya kuvishwa viti, ankara si mwaliko wa kuanza kubishana upya

Jameni, hebu mniambie kama ni mimi niliye na shida ama ni watu wa hii Nairobi. Mteja ameletewa viti vyake, amevikalia, amevipiga picha akaviweka kwa stetasi, marafiki wamemsifia hadi basi. Namtumia ankara ya salio. Badala ya pesa narudishiwa picha ya ankara ile ile, mstari wa ufundi umezungushiwa duara jekundu, na chini yake ameandika: "Hii nayo ni ya nini na sponji nimelipia?"

KSh 14,000. Viti vya watu saba. Bei tuliyokubaliana kwa maandishi kabla sijang'oa hata pini moja. Sponji hakuigusa, kitambaa hakukigusa, usafiri aliuacha. Ni ufundi tu uliomkera, kwa maana yeye alidhani sponji hujikata yenyewe na kitambaa hujishona usiku sisi tukiwa tumelala.

Karakana yetu iko Kariobangi. Ndugu yangu anashughulika na mbao, mimi nakata, nashona na kushika vitabu. (Na ndiyo, mimi ni fundi. Kila mteja mpya akiingia ananipita akiuliza "fundi yuko wapi?" Yuko mbele yako, mama, ameshika futi.) Kwa hivyo ankara zote naziandika mimi na matusi yote nayapokea mimi, na leo nimechoka.

Kwa faida ya wale wanaodhani kuvisha kiti ni kutupia kitambaa kipya juu ya cha zamani, wacha niwaeleze hizo pesa mnazozichorea duara huenda wapi.

Kwanza kiti kinavuliwa. Kochi moja tu lina mamia ya pini za stepla, na aliyelitengeneza mara ya mwisho mara nyingi alipiga pini juu ya pini. Unazing'oa moja moja kwa bisibisi na koleo. Ukivuta kwa hasira unapasua mbao. Ukisahau moja, itakuja kumtoboa mtoto wa mtu paja. Kitambaa cha zamani hakitupwi, kinavuliwa kizima, kila kipande kinaandikwa kwa chaki kilikuwa wapi, kisha kinalazwa juu ya kipya ndipo ukate. Kama ni velveti, manyoya yake yana upande. Kipande kimoja kikilala kuelekea juu na kingine kuelekea chini, kiti kitatoka na rangi mbili hata kama vyote vimetoka roli moja. Kama ni kitambaa cha mistari, lazima mistari ikutane pale kwenye mshono, kwa hivyo unanunua mita za ziada za kupoteza. Mteja anaona vipande vilivyobaki sakafuni anasema tumemwibia kitambaa.

Halafu kuna hivi viti vya vifungo mgongoni, vile vya Chesterfield ambavyo kila mtu wa Kilimani anavitaka siku hizi. Kila kifungo kina uzi wake unaopenya sponji hadi nyuma ya fremu na kufungwa huko ndani. Kimoja kikilegea baadaye, hakuna kukibandika kwa gundi. Unafungua mgongo wote tena.

Na huyu wa duara jekundu, mnajua tulikuta nini kwenye mikono ya viti vyake? Maboksi. Maboksi ya kawaida ya dukani, yamekunjwa yakavikwa sponji nyembamba. Chini ya makalio mikanda ya lastiki imelegea, mingine imekatika, na mahali pa kuifunga upya mtu alitandika gunia. Viti alivinunua vikiwa vipya na kwa bei nzuri tu. Tuliweka mikanda mipya, tukafunga mikono kwa mbao na sponji nzito, na yote hayo yamo ndani ya huo ufundi anaouliza ni wa nini. Hauonekani kwa sababu umefunikwa na kitambaa. Hiyo ndiyo shida ya kazi yetu: ukiifanya vizuri haionekani. Ukienda hospitali hutamwambia daktari kwamba dawa umenunua mwenyewe kwa hivyo upasuaji uwe bure, lakini kwa fundi wa viti maneno hayo yanatamkwa na mtu mwenye digrii.

Kuna aina nyingine. Huyu hutuma picha usiku: "Fundi, hii ni pesa ngapi?" Picha yenyewe imepigwa kutoka mlangoni, taa imezimwa, kuna watoto wawili wamelalia kochi na nguo za kukunjwa. Nikisema nije nione, hataki. Anataka bei sasa hivi. Basi namwandikia makadirio, na naongeza mstari mmoja kila mara, kwamba bei inaweza kubadilika tukishafungua na kuona mbao. Anajibu sawa.

Tunafungua. Fremu ni saiprasi mbichi iliyofungwa kwa misumari mitupu, hakuna kiungo, na dumuzi wameshaingia. Ukiigonga inamwaga unga. Hapo nasimamisha kazi, napiga picha, natuma, napiga na simu. "Endelea tu fundi, fanya kazi safi." Ninaendelea. Ndugu yangu anaenda soko la Gikomba kununua mbao kavu, anarudi, anaunda upande mzima. Ankara ikifika: "Hiyo ya mbao sikuambiwa." Dada yangu, ujumbe wako bado ninao. Una hata alama ya dole gumba.

Ya kupeleka mali nyumbani sitaisema sana kwa sababu kila fundi anaijua. Kanta imesimama getini, askari anataka kitambulisho, lifti haifanyi kazi, vijana wamepandisha viti hadi ghorofa ya nne, halafu unaambiwa "mzee ndiye hulipa, atatuma jioni". Wengine wanakuonyesha ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yao. Mimi siangalii tena simu ya mtu. Pesa ikiwa haijaonekana kwenye till yangu ya M-Pesa, haijatumwa. Mkiniita mkali, sawa.

Lakini hao wa majumbani angalau ukiwapigia mara nyingi wanaona haya. Ofisi hazina haya.

Mwaka jana ofisi moja hapa mjini, jina nitalihifadhi, ilitupa viti vya mapokezi na vya chumba cha mikutano. Reksini nyeusi (ile ngozi bandia), sponji mpya, baadhi ya magurudumu yabadilishwe. Tukapewa LPO, yaani hati ya kuagiza kazi, yenye muhuri na saini mbili. Nikajua leo ni leo. Kumbe LPO hailiki wala hailipi. Muuza sponji haulizi LPO yako, na mbao Gikomba haziuzwi kwa ahadi. Vifaa vyote tulinunua kwa pesa taslimu. Tulipomaliza na kupeleka tukaambiwa malipo ni siku 60 kuanzia siku ankara itakapopokelewa. Na hilo neno la kupokelewa ndiyo ngoma yenyewe.

Ankara ya kwanza ilirudishwa kwa sababu sikuandika namba ya LPO juu kulia, na hakuna aliyeniambia niiandike. Ya pili ilirudishwa kwa sababu haina VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Nikamweleza mhasibu kwamba biashara ambayo mauzo yake hayafiki KSh milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujisajili kwa VAT, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kumtoza mtu hiyo asilimia 16. Mhasibu mzima! Akaniangalia kama ninayemficha kitu. Kisha akataka ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA.

Kwa hiyo ya eTIMS sina ugomvi na mtu. Sheria iko wazi: tangu Januari 2024, mwenye biashara hawezi kuhesabu gharama kwenye kodi yake ya mapato kama haina ankara hiyo. Hata komputa haihitajiki, unapiga *222# kwa simu ya mulika mwizi unaitoa. Niliitoa siku hiyo hiyo nikiwa nimesimama pale mapokezi, nimekaribia kukalia kiti nilichokishona mwenyewe.

Uchungu ni huu ambao watu wa ofisi hawataki kuuelewa. Ile ankara ikishatoka, kwa serikali mimi nimeuza. Sisi tulio kwenye kodi ya mauzo tunatozwa asilimia 3 ya mauzo, si ya faida, na inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Siku 60 za mteja na tarehe 20 yangu hazijawahi kukutana. Kwa hivyo mimi natoa mfukoni kulipia kodi ya pesa ambayo bado iko benki kwa mteja, na yeye wakati huo huo tayari ana karatasi yangu ya kumpunguzia kodi yake. Viti anavyo. Karatasi anayo. Pesa anazo. Mimi nina nini? Nina namba ya simu ya mhasibu ambayo haishikwi.

Siku 60 zikapita. Nikapigiwa, nikafurahi. Kumbe wanauliza kama ninaweza kuwapunguzia kidogo kwa sababu bajeti ya robo mwaka imekatwa. Yaani kazi imefanywa, imekubaliwa, imesainiwa kwenye hati ya kupokea mali, halafu mnataka kupatana bei kama mko kwa kibanda cha mitumba? Na kama ningekubali, ankara ya eTIMS huwezi kuichana tu ukaandika nyingine. Lazima utoe noti ya krediti, yaani hati ya kuifuta ile ya kwanza, uanze upya, na ankara mpya ihesabiwe siku 60 zake. Nilikataa. Walilipa baadaye sana, kwa vipande viwili, bila hata pole.

Najua kuna wakili hapa atasema tushikilie mali hadi tulipwe. Ni kweli, fundi ana haki ya kukaa na kitu alichokitengeneza mpaka alipwe gharama zake. Kuna hata sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, inayomruhusu fundi hatimaye kuiuza, mradi ameweka tangazo mahali panapoonekana dukani na amemwarifu mwenyewe kwa maandishi na kumpa muda. Sawa. Sasa njoo uone karakana yetu. Seti moja ya viti saba ikikaa imeziba nafasi ya kazi nyingine tatu, mvua ikinyesha tunaifunika kwa nailoni sisi, panya wakiingia ni hasara yetu. Haki hiyo ni tamu kwa fundi wa saa. Saa inakaa kwenye droo.

Kilichonisaidia mimi ni Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Sijaifikisha kesi hukumuni. Lakini nilipomtumia mdaiwa mmoja barua ya madai, nikaambatisha makadirio, ujumbe wake wa "sawa fundi" na picha za kazi, nikataja mahakama nitakayompeleka, pesa zilikuja kabla ya wikendi. Dawa ya deni ni kulipa, ila wengine lazima wanyweshwe.

Na kabla hamjanirukia: ndiyo, kuna mafundi wanaokula arubuni na kuzima simu. Kuna wanaokuahidi sponji ya hevi dyuti halafu wanakuwekea chipsi za mabaki zilizogandishwa kwa gundi. Nawajua, wengine tunapakana nao mabati. Ndiyo maana mimi hupiga picha kila hatua na kuzituma bila kuombwa, na risiti za sponji na kitambaa hutuma pia. Sasa ukiwa na hizo zote mkononi na bado unanichorea duara, wewe huogopi kuibiwa. Wewe unataka kuiba.

Kuanzia sasa kwetu mambo ni haya. Arubuni ni pesa yote ya vifaa, kabla ya kununua chochote. Nusu ya ufundi tukishavua na kukubaliana kuhusu fremu. Salio likiwa viti bado viko karakana, uje uvikalie, uvipindue, uvinuse ukitaka, kisha ulipe ndipo vipakiwe. Ofisi zitalipa vifaa mbele kama watu wengine, LPO au hakuna LPO. Na ankara sitagawanya tena kwa mistari mtu apate cha kuchora. Itakuwa na bei moja, na maelezo ya kazi chini yake.

Bado kuna jambo moja sijaamua. Mafundi wenzangu wa Gikomba, Kariobangi na kule Ngong Road: kuna anayetoza ada ya kuja kufungua kiti na kukikagua kabla ya kutoa bei? Mnatoza ngapi, na mkimaliza kazi mnaikata kwenye salio ama inabaki ni yenu? Nataka kuanza mwezi ujao na sitaki kuwa wa kwanza kukimbiwa.