Hivi hawa mbwa wanakimbiaje kilometa 1,600 kwenye barafu? Wajuzi naomba mnieleweshe

Mtoto wa Ubungo

Wakuu habari za jioni. Jana umeme ulikatika, joto la kufa mtu, usingizi hauji, nikawa naperuzi simu nikakutana na video za mashindano ya mbwa kule Alaska yanaitwa Iditarod. Mbwa kumi na kitu wamefungwa kamba wanavuta sleji, yaani kigari kisicho na matairi kinachoteleza kwenye theluji, nyuma amesimama mtu mmoja kajifunika mpaka sura huioni, giza totoro, barafu mbele barafu nyuma. Nilivyoelewa wanatoka Anchorage wanaenda Nome, karibu kilometa 1,600, yaani ni Dar mpaka Mwanza halafu ugeuze urudi mpaka Singida. Kwa mbwa!

Sasa maswali yangu. Mbwa anavutaje hivyo siku tisa kumi bila kufa? Yule dereva analala saa ngapi? Hana usukani wala hatamu, akitaka kukata kushoto anafanyaje? Na wanapata nini hasa, maana sidhani kama mtu anafanya vile kwa ajili ya hela tu. Mimi nimekua na mbwa tangu mdogo kwa hiyo naomba majibu ya maana, siyo yale ya wazungu hawana kazi.

Babu Tabata

Mkuu umegusa penyewe, haya mashindano nayafuatilia kila mwezi wa tatu na huwa nakesha kuangalia ramani yao ya GPS.

Nianze na usukani. Hakuna, anatumia mdomo tu. Mbele kabisa kuna mbwa viongozi, mmoja au wawili, hao ndio wanaoelewa amri, akisema "gee" wanakata kulia, akisema "haw" wanakata kushoto, wengine wote wanafuata. Wale wawili wa mwisho walio karibu na sleji huwa ni wenye nguvu zaidi kwa sababu ndio wanaokula mshtuko wote wa sleji kwenye kona. Na kiongozi siyo lazima awe mkubwa, anachotakiwa kuwa nacho ni akili na moyo, kuna wakati upepo unafuta njia yote dereva haoni kitu na kiongozi ndiye anayeitafuta kwa miguu na pua.

Sasa kulala. Hapa ndipo watu wengi hawajui hii kazi ilivyo. Dereva, wao wanamwita masha, akifika kituoni saa nane usiku baridi nyuzi 30 chini ya sifuri, halali. Kwanza anafungua kamba za mbwa, anawatandikia majani makavu walale, anawavua viatu mmoja mmoja, maana kila mguu una kiatu chake cha kitambaa ili barafu isikate nyayo na theluji isigande katikati ya vidole. Mbwa 16 ni viatu 64, na kuvalisha mara nyingi inabidi avue glovu zake. Halafu anawasha jiko, anayeyusha theluji au anateka maji, anachemsha, analowekea nyama iliyoganda, anagawa supu bakuli kwa bakuli. Halafu anapiga magoti kwenye theluji anakagua kila nyayo, anapaka mafuta ya dawa, anakanda mikono ya mbele kwenye kifundo. Mbwa wote wakishalala ndio anakumbuka kwamba na yeye hajala. Akipata lisaa limoja la usingizi au mawili anamshukuru Mungu, kisha anaamka kuvalisha viatu upya. Ndio maana wengi wanasimulia kwamba ikifika siku ya sita saba wanaanza kuona vitu ambavyo havipo, miti inageuka watu, wanasikia sauti.

Ila sheria inawalazimisha kupumzika. Kuna mapumziko ya masaa 24 mara moja njiani, masaa 8 kwenye mto Yukon, na masaa 8 mengine kituo cha White Mountain ikiwa imebaki kama kilometa 124 tu kufika. Hapo hata uwe unaongoza unakaa.

Hela? Mshindi anachukua zaidi ya dola 50,000, lakini huyo ana mbwa makumi nyumbani wa kulisha mwaka mzima, piga hesabu mwenyewe. Sasa sikia hii, mwaka 1978 baada ya siku 14 Dick Mackey alimshinda Rick Swenson kwa sekunde moja. Mtoto wa huyo Dick, Lance Mackey, akaugua kansa ya koo, akatibiwa, akarudi kwenye sleji, akashinda Iditarod mara nne mfululizo kuanzia 2007 mpaka 2010. Na ule wa 2007 alikuwa ametoka kushinda Yukon Quest, mashindano mengine ya sleji za mbwa, mwezi mmoja nyuma, maili elfu nyingine hiyo. Lance alifariki 2022. Mtu kama huyo huwezi kuniambia alikuwa anafuata dola.

Dokta wa Mifugo

Babu Tabata shikamoo, umeeleza vizuri. Naongezea upande wa mwili wa mbwa maana ndiyo fani yangu.

Hao mbwa wengi siyo wale haski, mbwa wa nchi za baridi, wa kwenye kalenda wenye macho ya bluu. Ni haski wa Alaska, chotara wa miaka mingi waliochaguliwa kwa mbio, kilo 20 mpaka 25 hivi, ukimuona barabarani ungepita tu. Kwenye mashindano anakula kalori kama 10,000 kwa siku, mtu mzima anakula 2,500, na sehemu kubwa ni mafuta. Binadamu akikimbia sana anamaliza akiba ya sukari kwenye misuli anakwisha. Hawa wakishakimbia siku chache mfululizo mwili wao unabadilika, unaanza kutegemea mafuta na akiba ya misuli inarudi hata kama bado wako safarini. Wanasayansi wamekuwa wakilichunguza hilo miaka mingi.

Halafu adui wao mkubwa ni joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, kwa hiyo akiwa anavuta nyuzi 20 chini ya sifuri ndio raha yake, lakini jua likitoka ikawa karibu na sifuri madereva wengi wanasimama mchana na kukimbia usiku. Kabla ya kuanza kila mbwa anapimwa moyo na damu, njiani madaktari wako vituoni, na mbwa akichechemea anaachwa kituoni anarudishwa kwa ndege ndogo. Akishaachwa huruhusiwi kuweka mwingine, na lazima ufike Nome na mbwa watano angalau wanaovuta. Kwa hiyo dereva anayewaumiza mbwa wake anajikata miguu mwenyewe.

Binti Kigamboni

Samahanini kaka zangu ila mnaremba sana. Mwaka 2024 walikufa mbwa watatu njiani, hilo mbona hamjalitaja? Madaktari wote hao na vipimo vyote hivyo bado wamekufa. Watetezi wa wanyama wamepiga kelele miaka mingi na kampuni kubwa zimejitoa kwenye udhamini. Mbwa hakujaza fomu ya kushiriki. Mimi ninalisha mbwa wa mtaani huku kwetu na nimeshaona mtu anasema anampenda mbwa wake huku kamfunga mnyororo mfupi juani, kwa hiyo hiyo ya wanawapenda hainitoshi.

Babu Tabata

Dada yangu uko sahihi, hao watatu walikufa na ilibidi nilitaje mapema. Sitetei kifo cha mbwa. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ukiangalia pale mwanzo wa mashindano mbwa wanavyoruka na kulia wakitaka kuondoka, sleji inabidi ifungwe na watu wanaishikilia, utaona siyo mnyama anayesukumwa kwa fimbo. Lakini kwamba anataka kukimbia haimpi dereva ruhusa ya kumkimbiza mpaka mwisho, hapo tuko pamoja, na mimi ningeunga mkono mapumziko ya lazima yaongezwe.

Na tujue ilikotoka pia. Mwaka 1925 ugonjwa wa dondakoo uliingia Nome katikati ya baridi, watoto wanakufa, ndege haziwezi kuruka, meli haziwezi kufika. Madereva 20 wakapokezana dawa kutoka Nenana, zaidi ya kilometa 1,000, kwa siku tano na nusu. Dunia inamjua Balto kwa sababu ndiye aliyeongoza kipande cha mwisho, mpaka ana sanamu New York, lakini kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote kilipigwa na Leonhard Seppala na kiongozi wake Togo, mbwa mzee wa miaka 12, wakakatiza juu ya barafu ya bahari kwenye dhoruba. Baadaye pikipiki za theluji zilipoanza kuua kazi ya mbwa vijijini, mzee Joe Redington akaanzisha haya mashindano 1973 ili ujuzi usipotee.

Mama Wawili Sinza

Na wanawake msiwasahau! 1985 Libby Riddles alifika kituo cha Shaktoolik dhoruba imechachamaa, wanaume wamekaa ndani wanasubiri itulie, yeye akafunga mbwa wake akaingia kwenye barafu ya bahari, akashinda, mwanamke wa kwanza. Mwaka huo huo Susan Butcher alijitoa baada ya musi, yule kulungu mkubwa kuliko ng'ombe, kuingia kwenye mbwa wake na kuua wawili. Akarudi akashinda 1986, 87, 88 na 1990. Nikichoka na kazi huwa namkumbuka yule dada kweli.

Mtoto wa Ubungo

Daah asanteni sana wakuu, na dada wa Kigamboni umenifikirisha. Swali la mwisho, kuna mtu kutoka nchi za joto kama sisi amewahi kushiriki?

Babu Tabata

Yupo, Newton Marshall wa Jamaika. Kule walikuwa wanafanya mazoezi na mkokoteni wa matairi, baadhi ya mbwa wameokotwa mtaani. Akaenda kujifunza theluji kwa madereva wakubwa, akamaliza Yukon Quest 2009 na Iditarod 2010, na aliyemfua kwa Iditarod ni huyo huyo Lance Mackey.

Dokta wa Mifugo

Ila tafadhali mtu asisome hapo akamfunga mbwa wake mkokoteni saa nane mchana. Kwa unyevu wa hewa wa Dar mbwa anayevuta mzigo anaweza kufa kwa joto muda mfupi sana. Ukitaka kukimbia naye toka saa kumi na moja alfajiri, beba maji, na ukiona ulimi umetoka wote, anahema kwa nguvu na anayumba, simama hapo hapo, mtie kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima na umuwahishe kwa daktari. Na wale wa Mbezi Beach na Masaki wanaofuga haski, acheni kabisa matembezi ya mchana.