Mchawi mpya kufa kwa pigo moja: niongeze uhai wa kuanzia?

Swali:
Wadau, naomba ushauri. Nasimamia Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la 2014, kila Jumamosi. Juzi mdogo wangu kaja na mchawi wa daraja la kwanza, historia yake kaiandika kurasa mbili. Uhai 7 tu. Goblini wa kwanza, yaani adui mdogo, nikamrushia dadu ya kushambulia, ikatoka 20, na 20 huzidisha dadu za madhara mara mbili. Dadu mbili za madhara zikatoka sita na sita, jumlisha 2: 14. Kwa kanuni, madhara yanayobaki uhai ukiisha yakifikia uhai wake wote, anakufa papo hapo. Hakupata hata zamu moja. Alikunja karatasi taratibu, akaitia mfukoni. Iliniuma sana. Niwaongezee wachezaji uhai, au nitaua msisimko?

Jibu:
Pole. Ongeza. Toleo la 2008 mchawi alianza na 10 jumlisha alama yake yote ya ustahimilivu, na watu waliogopa vilevile. Mimi huwapa 6 zaidi mwanzoni, basi. Ila maadui usiwaguse, la sivyo pambano moja litakula jioni nzima.

Jibu:
Mimi siongezi. Toleo la kwanza, mwaka 1974, mchawi alianza na dadu moja ya pande sita, na upanga nao ulipiga dadu hiyohiyo. Watu walijifunza kujificha na kujadiliana. Kinachokuumiza ni ile 20. Maadui wasizidishe madhara mpaka daraja la tatu.

Muuliza:
Hilo la 20 nimelichukua, pamoja na zile 6. Mchawi wake namrudisha Jumamosi, na kovu shingoni.