Mfumo ukianguka sisi ndio tunawapigia kuwaambia. Hela ya ufuatiliaji wa saa 24 tunalipia nini?

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, mnivumilie uzi ukiwa mrefu.

Mimi ndiye ninayeshika mambo ya kompyuta na mtandao kwenye SACCOS moja hapa Tanga mjini. Mfumo wa akaunti za wanachama haukai ofisini kwetu, tumekodi seva kwa kampuni ambayo jina naliacha. Kila mwezi wanatutoza hela ya ufuatiliaji, saa 24, siku 7. Mkataba unasema wazi kuwa hitilafu wataiona wao na kuanza kuishughulikia kabla sisi hatujafungua mdomo. Huu mwaka wa pili. Hawajawahi kutupigia hata siku moja, mara zote simu inatoka kwetu.

Jumamosi iliyopita saa 2:10 asubuhi keshia akaniita. Ukurasa wa kuingia unafunguka vizuri, lakini akibonyeza kutoa au kuweka hela, kiduara kinazunguka tu hadi kinakata. Nikapiga simu. Kijana wa zamu akanijibu, "Kaka, huku kwetu mbona kila kitu kiko kijani?" Nikamwambia njoo usimame kwenye dirisha langu uone. Akaniambia seva inaitika, kwa hiyo tatizo litakuwa intaneti yetu. Nikazima ruta, nikaingia kwa bando la simu yangu, hali ni ile ile. Nikampigia tena. Kijani.

Wakati huo ukumbi umejaa. Kuna wavuvi wa Sahare waliotaka hela ya mafuta ya mashine. Kuna mama wa machungwa kutoka Muheza, lori lake limeshapakia na dereva anataka nauli yake ndipo aondoke. Mama yule alikuwa amekishika kijitabu chake cha akiba, kidole kwenye mstari wa salio, ananionyesha: "Mwanangu, hela yangu si hii hapa?" Nitamjibu nini? Hela ni yake na imeandikwa, ila siwezi kumpa. Mwishowe meneja akaruhusu tuandike kwenye kaunta buku na tuwape wachache tunaowafahamu. Mama yule hakuwa miongoni mwao. Machungwa yakashushwa, lori likaondoka na mzigo wa mtu mwingine.

Mfumo ulirudi saa 7:40 mchana. Masaa matano na nusu!

Sasa sikilizeni chanzo. Diski ya seva ya kanzidata, yaani ile inayotunza rekodi za akaunti, ilijaa. Logi, yaani kumbukumbu za kila kinachofanywa na mfumo, zilikuwa zinajiandika usiku na mchana, hakuna aliyezipunguza, nafasi ikaisha, kanzidata ikakosa pa kuandikia muamala. Hakuna udukuzi wala kifaa kilichoungua. Ni diski kujaa, jambo ambalo fundi wa mwaka wa kwanza anajua kulitegea kengele.

Na kengele ilikuwepo, hili ndilo lililonichoma. Nilipobana wanipe maelezo, ikabainika programu yao ilianza kutuma onyo diski ilipofika asilimia 80, ikatuma tena kwa 85, 90, na 95. Siku 11 inapiga kelele. Barua pepe zote zilikuwa zinakwenda kwenye anwani ya mfanyakazi aliyeacha kazi zamani. Hakuna namba ya simu iliyowekwa, hakuna mtu wa pili wa kupokea wa kwanza asipojibu. Mashine ilifanya kazi yake, watu ndio hawakuwepo.

Halafu mwisho wa mwezi wakaleta ripoti: upatikanaji, yaani muda ambao mfumo ulikuwa hewani, asilimia 99.9. Jamani, hesabu haina ujanja. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Asilimia 99.9 inakuruhusu kuanguka kama dakika 43 tu mwezi mzima. Sisi tulikaa dakika 330 kwa asubuhi moja, hiyo ni asilimia 99.24 hata kama siku nyingine zote hakikutokea kitu. Hiyo 99.9 yao wameipataje? Wanapima kwa ping peke yake. Seva ikiitika, wanahesabu iko hewani. Ping inakuambia kwamba mashine ile inafikika kwenye mtandao, basi. Haikuambii kama mwanachama anaweza kutoa elfu ishirini yake. Ukitaka kujua hilo, weka akaunti ya majaribio, programu iingie kila dakika kama mtu, ifanye muamala mdogo, ipime umechukua sekunde ngapi. Ukishindwa mara mbili mfululizo, simu ya mtu ilie.

Msije mkasema programu za ufuatiliaji ni ghali. Nagios ipo tangu 1999 na Zabbix tangu 2001, toleo la bure lipo kwa zote mbili. Prometheus nayo ni bure.

Na sina tabia ya kulaumu ovyo. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, nchi ilikaa bila intaneti ya maana, sikumgombeza mtu. Umeme ukikatika Chumbageni nawasha jenereta, simtukani mtu. Mimi nagomba kwa jambo lililokuwa mikononi mwao kwa siku 11.

Kuna la mwezi uliopita pia: programu yao ya ufuatiliaji imewekwa kwenye kabati lile lile la seva inazozifuatilia, umeme mmoja, swichi moja. UPS, ile betri ya akiba, ilipokufa vyote vikazimika pamoja, na kengele nayo ikanyamaza. Mlinzi wa ghala hafungiwi ndani ya ghala na ufunguo ukabaki nje! Lazima kuwe na jicho moja la nje, mtandao mwingine, jengo lingine.

Basi Jumapili nilichukua kompyuta kuukuu ya stoo, nikafuta vumbi na kutu ya chumvi kwenye matundu yake ya kuchomekea waya, nikafunga Zabbix. Nikaiwekea jaribio la kuingia na muamala, nikaiunganisha na simu yangu.

Juzi saa 9:20 usiku simu ikalia. Muamala wa majaribio umegoma mara mbili. Nikampigia mtu wao wa zamu, akapokea kwa sauti ya usingizi. Nikamwambia mfumo wetu umelala.

Akasema, "Aah, kumbe? Subiri nifungue kompyuta."